Kidole cha Mwenyekiti

Ndugu waombolezaji, kabla karatasi hii haijasomwa, kila mmoja aape moyoni kwamba yatakayosemwa hayatavuka ua huu, kwa maana kikao cha bungeni kinachosimuliwa humu kilikuwa cha faragha, na marehemu alimwapisha dada yake, ambaye ndiye anayewasomea, naye amekaa nayo miaka yote hii mpaka kifua kinamwasha.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akamaliza sekondari mwaka 1970, kisha chuo cha uhazili, alikopiga taipu bila kutazama vidole, wenzake wakamwita Mashine.

Aliajiriwa bungeni mwaka 1972, akafunga ndoa tarehe 8 Juni 1975 na fundi saa, ambaye siku ya posa alichelewa saa mbili nzima, jambo tunalomcheka hadi leo, wakajaliwa binti na mvulana, na wajukuu watano.

Tarehe 12 Januari 1983 akawa karani wa kamati ndogo ya uchaguzi, iliyoundwa baada ya sanduku moja kurudi na kura nyingi kuliko wapiga kura, yenye wabunge saba wa kukagua daftari, masanduku na wino, na kuliarifu Bunge, naye aliandika kila kitu, hata nani alipiga chafya.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti mwaka juzi, akalazwa, akawasahihishia wauguzi saa za dawa, hadi alfajiri ya tarehe 3 mwezi huu alipotutoka, mumewe amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari waliomvumilia, majirani walioleta viti na maji, na wafanyakazi wenzake wa bungeni, ambao sasa wanatazama chini, maana wanajua kinachokuja.

Februari 2005 uliletwa wino mpya, muuzaji ni shemeji wa mwenyekiti, na desturi ya kamati ni kwamba Jumatatu kila mjumbe huchovya kidole, akaenda kusugua apendavyo, Alhamisi wote wakainua vidole mbele ya maofisa, kwani wino ukitoka, mtu atapiga kura mara mbili. Marehemu akawa anaandika kila mmoja amechovya kidole kipi, mwenyekiti akamwambia, “Mama, andika tu tumechovya, unatuchelewesha chai,” akajibu, “Sawa, mheshimiwa,” akaendelea kuandika.

Alhamisi vidole sita vilipanda safi kama vya mtoto aliyetoka kuoga, cha mwenyekiti kikapanda cha zambarau, akasema wenzake wamesugua kwa chuki, wino upite, na anayebisha akatafute kazi kwingine, jicho kwa karani, ambaye mwanawe wa mwisho alikuwa bado chuoni. Hata hivyo alisimama, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ile ile ya kusomea ajenda, “Jumatatu, saa nne na dakika kumi, mheshimiwa mwenyekiti alichovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto.”

Chumba kizima kikageukia kidole kilichokuwa juu, cha shahada, cha mkono wa kulia, kingali kibichi, tone moja likiteremka taratibu kuelekea shati jeupe.

Pumzika kwa raha, karani wetu.