Nani Anaanzisha Wimbo?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliokaa karibu na spika, Bwana asifiwe! Leo msiogope, simu yangu nimeizima.

Mnanijua kama Elibariki wa mitambo ya sauti hapa kanisani, lakini shida yangu hamkuijua. Kazini najibu malalamiko ya wateja kwenye kompyuta, kutwa nzima, watu nisiowaona na wote wamekasirika. Nikirudi chumbani kwangu Kijenge sina neno lililobaki. Mama akipiga simu kutoka Machame, naiangalia inaita mpaka inakatika. Miezi mitano, ndugu zangu! Mama yangu mzazi!

Kilichonisogeza siku hadi siku ni muziki ninaoutengeneza kwa kompyuta: besi nzito, giza tupu, hakuna anayeimba. Nikivaa hedifoni, napumua. Sitaukana mbele yenu. Ulikaa na mimi wakati sikutaka kukaa na mtu.

Basi Jumapili ile mchungaji akatuambia tuinamishe vichwa kwa sala ya kimya. Nilikuwa nimesahau kutenganisha simu yangu na spika za kanisa. Kidole kikagusa muziki wangu. Duu! Besi ikaanza, madirisha yakatetemeka! Mzee mmoja wa kanisa akaruka, "Toka, pepo!" Mimi nabonyeza kila kitufe isipokuwa kile cha kuzima.

Ndipo akasimama Koko, bibi yetu wa Kimaasai kutoka Oldonyo Sambu. "Acheni kukemea! Besi hiyo ni kama wanaume wanaitikia wimbo. Kwetu vijana wanaitikia hivyo hivyo, kwa koo." Akanigeukia. "Lakini mwanangu, waitikiaji wapo. Anayeanzisha wimbo yuko wapi?"

Ndugu zangu, swali lile lilinipata! Nilikuwa nimejitengenezea watu wa kuniitikia, na mimi mwenyewe sijasema kitu. Nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Nimechoka. Niko peke yangu." Koko akaitikia kwa koo lake la uzee. Wakafuata kina baba, kisha kanisa zima, juu ya besi ile ile. Nililia, na sioni aibu kusema.

Mchana nikampigia mama. Hakunigombeza. Akauliza, "Eli, umekula?"

Namshukuru Mungu! Muziki bado natengeneza, na besi bado ni nzito. Lakini sasa naanza mimi. Na wewe uliyenyamaza hapo nyuma, mtumaini Bwana, anza, hata kwa neno moja. Sisi tutaitikia.