Bibi Harusi wa Kidimbwini

Mdoe alijifanya amelala kwenye basi la Korogwe, kamera kubwa mapajani, wivu ukimla. Kiti cha nyuma yake, Asnath alikuwa anamwonyesha mama asiyemjua picha ya harusi ya Sindeni, harusi ambayo aliyekodiwa kuipiga picha ni Mdoe.

"Ukasha, mgeni mwenzangu harusini, kageuza simu yangu kichwa chini, ikakaribia kugusa kidimbwi. Ona, mama, bibi harusi yuko juu na yuko majini."

"Kwa simu hii hii? Mimi ningeitundika sebuleni."

Mdoe alisonya kimoyomoyo. Yeye siku ile aliwahamisha watu wote wakwepe tope.

"Na huyu nyuma anayepangusa viatu?"

"Ndiye mpiga picha wetu."

Basi liliposimama, Mdoe alikuwa bado amefumba macho, miguu kaificha chini ya kiti.