Mama Aliyebaki Kitini Wakati wa Komunyo

Tumsifu Yesu Kristo. Padre Gatobu, makatekista, ukoo wa Wahome hapa Naro Moru, ndugu zetu mliotoka Mwea alfajiri mkaonja baridi ya huku, majirani na marafiki, mimi ni Simeon Gichovi, mdogo wake marehemu niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu Perpetua Murugi Wahome kabla Misa haijaanza, nami nitasoma polepole kwa sababu macho yangu leo hayana adabu.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Machi 1958 huko Mwea, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Gichovi na marehemu Agata Wanjira, wakulima wa mpunga, akabatizwa mwaka huohuo, na mwaka wa 1968 akapokea Komunyo yake ya kwanza, siku ambayo alikataa wali na nyama aliyopikiwa, akisema hataki kuondoa ladha ya Bwana mdomoni, na mama yetu, ambaye alikuwa ameazima sufuria kwa watu, alikasirika sana.

Alisoma shule ya msingi huko Mwea kuanzia 1965 hadi 1971, kisha masista wakamchukua Nyeri mjini, ambako alijifunza ushonaji kutoka 1974 hadi 1976, na Januari 1977 akapata kazi ya kushona sare za shule katika soko la Chaka, akakaa cherehani ya pembeni karibu na Mama Ramla wa Nanyuki, ambaye yuko nasi hapa. Ni Chaka hapo ndipo alipotokea kijana mmoja mpishi wa mlima, wale wanaopanda na wageni wakiwapikia huko juu kwenye barafu, akileta suruali iliyochanika, akarudi nayo imechanika mahali pengine, akarudi nayo tena, mpaka Mama Ramla akamwambia dada yangu kwamba huyu mtu hachaniwi suruali na miamba, anaichana mwenyewe. Huyo ndiye mzee Wahome, na ameniruhusu kulisema hilo pamoja na mengine yote nitakayosema.

Walioana kwa desturi zetu tarehe 18 Agosti 1979, wazee wa Naro Moru walipofika Mwea na mbuzi wao, na makubaliano yalikuwa kwamba ndoa ya kanisani itafuata Wahome akimaliza mafundisho ya ubatizo, kwa maana kwao hakuna aliyekuwa Mkristo, na kwa sheria ya Kanisa Murugi hangepokea Komunyo mpaka ndoa hiyo ifungwe. Alidhani ni jambo la mwaka mmoja.

Tarehe 14 Juni 1981 walipata mtoto wao wa kwanza, Ngugi, aliyepewa jina la babu yake, baba wa Wahome, kama ilivyo desturi, na tarehe 20 Julai homa ya mapafu ikamchukua kabla hajabatizwa, na Wahome alipotembea kwenda kumwomba katekista wa siku zile, ambaye simtaji na ambaye amekwisha tangulia, aje tu aombe kaburini, aliambiwa ati wazazi hawajafunga ndoa na mtoto hana ubatizo, kwa hiyo hakuna la kufanya. Wahome alirudi, akachimba kaburi peke yake, akamzungushia mtoto blanketi lake la mlimani, akamlaza pale kwenye uzio ambapo tutamlaza mama yake leo, kisha akaapa kwamba mlango uliokuwa mwembamba kwa mwanawe, yeye hatapita.

Basi dada yangu akabaki katikati, mume ameapa na Kanisa lina sheria, na washauri, jamani, washauri hawakukosekana. Kina mama wengine wa jumuiya walimwambia amwache huyo mtu, aungame, apokee, naye akawajibu kwamba aliolewa mbele ya wazee na Mungu alikuwepo hata kama padre hakuwepo, na wa makanisa mengine walimwita kwao ambako mtu hanyimwi mkate, akawaambia asante, lakini katika Kanisa lake yeye hakufuata watu. Tunasema mvumilivu hula mbivu, lakini huyu alivumilia bila kuona hata ua kwenye mti, na jambo ambalo mimi ndugu yake sijalielewa hadi leo ni kwamba hakumsukuma Wahome hata siku moja, wala hakulisema Kanisa vibaya mbele yake.

Kila Jumapili waliteremka pamoja katika matope ya Kieni, Murugi akafika langoni, akavua gambuti zake za mpira, akavaa viatu, na Wahome akabaki nje juu ya jiwe na zile gambuti mapajani, jua au mvua, mpaka Misa iishe. Ndani, Murugi aliimba kuliko wote, aliwashonea wasichana wa parokia hii nguo nyeupe za Komunyo ya kwanza, mwaka baada ya mwaka, na safu yake ilipoinuka kwenda altareni yeye alibaki kitini, akakunja magoti pembeni ili wenzake wapite. Kushona nguo za karamu usiyoalikwa, tena ukizipiga pasi kwa furaha, mimi singeweza, na nadhani wengi wenu pia hamngeweza. Katika miaka hiyo Mungu aliwajalia Jeniffer mwaka wa 1983 na Gichovi mwaka wa 1986, wote wawili wakabatizwa, na baba yao hakuwazuia.

Mwaka wa 2011 Padre Gatobu alipoletwa kwetu, Jumapili moja ya mvua alimwona mtu mzima ameketi nje na viatu vya mwanamke, na Misa ilipoisha hakwenda kwenye chakula alichoandaliwa, alikwenda akaketi kwenye lile jiwe na mavazi yake ya Misa, akauliza habari, kisha akauliza jina la mtoto, na katika miaka yote ile hakuna mtu wa kanisa aliyekuwa amemuuliza Wahome jina la mtoto. Wiki iliyofuata alikuja hapa, akaomba kwenye uzio pale, akaomba na msamaha kwa niaba ya Kanisa, na Wahome akampikia chai.

Tarehe 26 Novemba 2011, kwa ruhusa ya Askofu, walifunga ndoa kanisani, Wahome akiwa bado hajabatizwa na akisema wazi kwamba amekuja kwa ajili ya mkewe tu, na dada yangu akapokea Komunyo akiwa na miaka hamsini na mitatu, akarudi mahali pake, na wale wote waliopita mbele ya magoti yake wakasimama bila kuambiwa na mtu. Tangu siku hiyo Wahome aliingia Misani, lakini Murugi alipoinuka kwenda kupokea, ikawa zamu ya mzee kukunja magoti, na vilevile Murugi hakumuuliza kitu.

Februari 2024 chakula kilianza kumkwama, madaktari wa Nyeri wakapata saratani ya umio, akatibiwa Nyeri na Nairobi, na Wahome akampikia supu na uji akivichuja kwa kitambaa, hadi Julai mwaka huu wa 2025 Padre akawa anampa chembe ya Hostia katika kijiko cha maji, na mwisho wa Agosti hata hiyo haikupita, akawa anaitazama tu. Hapo ndipo Wahome alipoomba ubatizo, akasema amemwona mtu akitazama wengine wakila karibu maisha yake yote asiwachukie, naye sasa anataka kukijua chakula hicho. Alibatizwa Jumapili tarehe 7 Septemba kando ya kitanda, Murugi akamfuta maji usoni kwa mkono wake mwenyewe, na Padre alipotaka kumpa Komunyo palepale mzee alikataa, akasema mpishi hali mbele ya mtu mwenye njaa, atakula baada yake. Dada yangu alicheka, na hatukumsikia akicheka tena. Alilala Jumanne tarehe 9 Septemba, saa kumi na mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, kina mama wa jumuiya mliomwogesha, mafundi wa Chaka mliofunga kazi leo, majirani mliochimba kaburi kwenye mawe haya, Mama Ramla aliyeleta maziwa ya ngamia kutoka Nanyuki mpaka siku ambayo hayakunyweka, na Padre Gatobu, ambaye hatuna neno la kumtosha.

Sasa Misa itaanza, na itakapofika pale kwenye Komunyo, mzee Wahome atainuka kwa mara ya kwanza, tunaomba mumpe nafasi.

Murugi, umekwisha tangulia mezani, mzee wako anakuja kula, pumzika katika amani ya Bwana.