Kiti cha Mbele cha Mzee Anyitike

Leo, Jumatano tarehe 31 Desemba 1958, Mzee Anyitike Fanueli, dereva wa basi la Iringa hadi Mbeya, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Sisi madereva na utingo wa Iringa tumekusanyika kumuaga kwa furaha. Hasira tumezitia mfukoni. Zikichungulia, mtuwie radhi.

Alianza akiwa utingo, akining'inia nyuma ya lori la Kampuni hii yetu ya mabasi. Vita vilipokuja aliendesha magari ya jeshi hadi Uhabeshi, na huko risasi zilipolia hakuna aliyemwambia asogee nyuma. Alirudi na koti ambalo mkewe, Mama Ikupa, amelitia viraka mpaka halijulikani tena lilikuwa la jeshi gani.

Masika moja basi lake lilizama matopeni karibu na Igawa. Abiria wote walishuka kusukuma, isipokuwa bwana mmoja wa daraja la kwanza. Mzee alizima injini, akakaa juu ya jiwe, akatafuna njugu zake taratibu hadi bwana yule aliposhuka mwenyewe. Kampuni ilimpa onyo kali. Abiria walimpa kuku.

Mwaka 1954, kichwa cha Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kiliporudishwa kwao Kalenga kutoka Ujerumani, yeye ndiye aliyewapeleka wageni wa heshima. Aliamriwa abaki kulinda gari. Akalilinda, ila akiwa juu ya keria, akaona kuliko waliopewa viti. Mwenyewe husema, "Mimi Mnyakyusa bwana, si Mhehe. Lakini mwenye mji akirudi kwao, jirani lazima atoke nje."

Sasa sikieni zawadi ya Kampuni kwa mtu huyu: tiketi ya bure ya kurudi kwao Mbeya, daraja la tatu, nyuma kabisa, pamoja na magunia ya viazi. Tulikwenda kwa meneja kuuliza. Tukajibiwa kwamba kiti cha mbele ni cha Wazungu, na sheria ni sheria. Kumbe miaka yote hii mzee alikaa mbele kwa sababu tu ameshika usukani. Akiuachia, anageuka mzigo! Tumeudhika, na hatuoni haya kusema. Marehemu alirudishwa Kalenga kwa gwaride. Huyu aliye hai arudi kwao amekalia viazi?

Mzee mwenyewe amecheka, akasema viazi havina maneno. Tunamheshimu sana, lakini katika hili hatumtii.

Mzee wetu, kwa Kinyakyusa chako, ndaga fijo, asante sana. Umetufundisha barabara hii kona kwa kona, ukatugombeza kama wanao, na tukafika salama. Tunakuombea afya, migomba inayozaa, na wajukuu wa kukuchosha.

Basi la kesho asubuhi naliendesha mimi, Zubery. Kiti cha mbele ni chako. Nikimkuta mwingine amekikalia, nazima injini. Njugu ninazo.