Caisse yenye haifanye kitu

Pale Mushaki, kando ya barabara ya Masisi, kuko banc moja ya kuikala yenye iliegemea ukuta ya moulin ya Jean-de-Dieu. Asubuyi ile moulin ilikuwa inasaga mahindi mpaka migongo ya bantu ba pale kwa banc inatetemeka, na kahawa ya Mama Hélène, muuzaji, iko ya moto. Lakini kwa koo ya Jean-de-Dieu haikushuka. Kamati ya turbine, ile ya maji yenye inaletea kijiji umeme, ilishamwambia: motere yako inavuta courant sana, kila ukiwasha, taa ya maternité, kwenye bamama banazalia, inafifia, ikififia tena, tunakukatia nyaya. Akaita technicienne Noëlla, naye akafunga caisse, sanduku ya kijivu, kwa ukuta, akasema ni condensateurs. Alieleza kama motere inaomba courant ya kusaga, na ingine ya kwenda na kurudi bure. Hiyo ya bure caisse itaipatia hapa hapa, nyaya ya turbine ipumue. Kisha akapanda pikipiki, akaenda zake.

Tangu pale Jean-de-Dieu anakodolea ile caisse macho. Haizunguke. Hailie. Haina hata taa ndogo.

— Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe, akasema Mbonigaba, mwenye banamuitaka Vétérinaire, munganga wa nyama, juu ya ng'ombe zake. Huyu anakula tu.

Kando yake, Sébastien alitengenezaka radio moja, na tangu hapo banamuita Kilowati. Yeye akakatala: caisse inakunywa muchana, itatapika usiku. Mbonigaba akajibu kama ni vile iko na mimba, basi baiache izae. Kilowati hakutaka kushindwa. Akaapa kama inarudisha courant Goma kwa chini ya udongo, njo maana volcan, mulima ya moto ya kule, haipatake usingizi.

Walicheka, lakini woga ilimupanda Jean-de-Dieu. Akatoa tournevis, bisibisi yake, mufukoni, akasimama. Afadhali aiondoe kwa ukuta mbele kamati ifike na kumukuta analisha kitu ya bure.

Pale pale akatokea Nadine, accoucheuse, mukunga wa maternité, na beseni yake ya mahindi. Akasalimia wote.

— Papa Jean-de-Dieu, moulin iko inasaga tangu saa ngapi?

— Tangu asubuyi sana, Mama.

— Sasa mbona taa yetu haijafifia?

Banc yote ikageukia ile caisse, hata Kilowati. Jean-de-Dieu akarudisha tournevis mufukoni, akaikala, akachukua kahawa yake. Ilikuwa imeshapoa, lakini ilishuka.