Anselmi, Aliyeionja Tabora Kabla ya Kuiona

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Magomeni na wa Kariakoo, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi nasi kwenye mikeka hii, familia inawaomba mtege sikio kidogo, ili msikie njia aliyoipita ndugu yetu Anselmi Kilawe, tangu siku aliyozaliwa hadi asubuhi ya juzi alipotuacha.

Marehemu Anselmi alizaliwa tarehe 3 Novemba 1906 huko Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Kilawe, mkulima wa migomba na kahawa. Mama yake alikuwa na mzinga mmoja wa nyuki, uliotundikwa kwenye mti pembeni mwa kihamba, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, na mtoto yeyote aliyepatwa na kikohozi alipakwa asali kidogo kwenye mdomo wa chini, akaambiwa afumbe macho na kuilamba taratibu, maana mama huyo aliamini kwamba asali inayomezwa kwa haraka haina dawa. Anselmi alipata kikohozi mara nyingi kuliko ndugu zake wote, na hadi uzeeni hakukubali kusema ni vikohozi vingapi vilikuwa vya kweli.

Alisoma shule ya misheni ya Kibosho kuanzia mwaka 1915 hadi 1920, akamaliza darasa la nne, akijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu wake alilalamika kwamba kila anapoulizwa swali hufumba macho kwanza, ndipo ajibu, na darasa zima lilidhani kwamba amelala, kumbe mtoto anayefumba macho huwa pengine ndiye aliyekwenda mbali kuliko wenzake kulitafuta jibu.

Mwezi Machi 1929 aliondoka nyumbani, akapanda gari moshi la Moshi hadi Tanga, na kutoka Tanga akapanda meli, akashuka Dar es Salaam akiwa na shuka moja na barua ya padre. Aliajiriwa kama hamali katika duka la jumla la Bwana Ravindra, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambako asali, nta na samli zilifika kutoka bara ndani ya madebe, na kazi yake ilikuwa kuyabeba madebe hayo kutoka stesheni hadi ghalani.

Siku moja ya mwaka 1931 debe lilivuja, asali ikamtiririkia kifundoni mwa mkono, naye akailamba kama ambavyo mtu yeyote angefanya, kisha akasimama palepale na mzigo kichwani, macho ameyafumba. Bwana Ravindra, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana, alimfokea: “Wee Anselmi, unalala na debe langu kichwani?” Naye akajibu pole pole, bila kufumbua macho: “Bwana, debe hili limechanganywa. Juu kuna asali ya msituni, na chini kuna ya mtu anayekaa karibu na shamba la mtama.” Muuzaji alipobanwa, alikiri. Tangu siku hiyo Anselmi hakubeba tena debe, alipewa kigoda karibu na mlango, akawa mwonjaji wa duka, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na moja.

Wengi wenu mliwahi kumwona pale. Alichukua kijiti cha bua, akakizamisha hadi chini ya debe, akakitoa, akaipaka asali upande wa kushoto wa ulimi, daima kushoto, kisha akafumba macho, na duka zima likanyamaza. Alisema mwenyewe kwamba wakati ule anakwenda. Alikwenda Kondoa, ambako asali ni nyeupe na imekaa kama mafuta ya mgando, alikwenda Handeni, ambako ina ukali mdogo unaokuja nyuma kama mtu aliyesahau kubisha hodi, na zaidi ya kote alikwenda Tabora, kwenye misitu ya miyombo, ambako kulikuwa na kivuli chekundu, na majani makavu chini, na nyuki waliokuwa wakivuma kama watu wanaosali katika chumba cha pili. Akifumbua macho husema tu, “Nimerudi,” kisha hulitaja jina la mahali. Abbasi, hamali mwenzake wa zamani, alizoea kuwaambia wateja wenye haraka: “Mngojeni kidogo, kaenda Tabora. Atarudi sasa hivi, na nauli hakulipa!” Kicheko kilikuwa kikubwa, maana kila mtu alijua kwamba Anselmi hajawahi kufika Tabora hata siku moja.

Tarehe 18 Aprili 1936, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Agnesi, binti kutoka Kilema, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu hapa mjini, wakapanga chumba Mtaa wa Narung'ombe, na baadaye wakahamia Magomeni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Celina aliyezaliwa mwaka 1938, na Wilbert aliyezaliwa mwaka 1941, wote wapo hapa leo.

Ugonjwa wake ulianza mwezi Februari 1952, kwa kidonda kidogo kisichozidi punje ya mtama, upande wa kushoto wa ulimi. Hakumwambia mtu. Yeye aliyejua asali ya kila pembe ya nchi aliona kwamba dawa anayo mkononi, akawa anakipaka kidonda asali ya Kondoa asubuhi na ya Tabora jioni, na kwa kuwa asali hutuliza, maumivu yalipungua kila alipoipaka, naye akadhani anapona, na hivyo ndivyo miezi mitano ilivyopita. Dukani aliuhamisha ule ujuzi wake, akaanza kuonja upande wa kulia, lakini upande wa kulia ulikuwa haujasoma, ulikuwa kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, hivyo mwezi Julai alipitisha madebe kumi na mawili yaliyotiwa sukari guru, akayataja kuwa ya Tabora. Abbasi aliyelamba tone lililomwagika sakafuni ndiye aliyegundua, akapiga kelele mlangoni: “Jamani, leo mwonjaji kalambishwa sukari guru!” Watu wakacheka, lakini Anselmi hakucheka, na Bwana Ravindra, alipomtazama usoni, naye akaacha kucheka, akafunga duka mchana kweupe, akamwambia afungue mdomo.

Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Julai 1952, alipelekwa hospitali ya Serikali. Daktari alimuuliza kama anatafuna tambuu, au kama anaweka ugoro, naye akajibu kwamba mtu wa kazi yake hathubutu. Daktari alikata kipande kidogo mno akakipima, na siku ya Jumatano alitoa jibu, ambalo Ignasi, dresa, mfunga vidonda mwenye asili ya Kibosho, alilifafanua kwa upole, bila kuficha na bila kutisha: ni saratani ya ulimi, bado haijashuka shingoni, na ikikatwa sasa kuna tumaini zuri, ila itakatwa pamoja na nusu ya ulimi, nayo ni nusu ya kushoto. Akipenda, afikiri kwa wiki moja, lakini asipitishe wiki.

Agnesi amesema mara nyingi kwamba mumewe hakuogopa kufa kama alivyoogopa kupona kwa namna ile. Alirudi akaketi ukumbini, akasema: “Mama Celina, wakiichukua hiyo nusu, nitakuwa sina pa kwenda.” Majirani walikuja na maneno mengi, mmoja akiitaja dawa ya mizizi, mwingine akisema chuma kikigusa saratani huikasirisha. Bwana Ravindra alikuja pia, akavua viatu mlangoni, akamwambia: “Ndugu yangu, uwe na ulimi, usiwe na ulimi, kile kigoda ni chako.” Agnesi alingoja wote waondoke, ndipo akasema neno lake, ambalo leo ametupa ruhusa tulisome: “Baba Celina, mimi nilifunga ndoa na mtu. Sikufunga ndoa na ulimi.”

Hata hivyo Anselmi hakuamua. Alichofanya ni kuomba vijibakuli sita vya asali kutoka dukani, na kila alasiri, jua likiwa limelala ukutani, alimketisha Agnesi mbele yake, akamwambia afumbe macho, ili zile nchi zisipotee zote na yeye. Alimfundisha kama mwalimu mwema anavyomfundisha mtoto, hakumkaripia, hakumharakisha. “Usitafute jina,” alimwambia. “Tafuta kwanza kama kuna kivuli au kuna jua.” Siku ya kwanza Agnesi aliona utamu tu, akacheka, akasema hii ni asali na ile nayo ni asali, mwenzangu unanitania. Siku ya pili aliona jua. Siku ya tatu alifumba macho akakaa muda mrefu, kisha akasema taratibu kwamba yuko mahali penye majani makavu, na machozi yakamtoka Anselmi, maana alitambua ni wapi.

Siku ya Jumapili, tarehe 20 Julai, walikuwa kwenye bakuli lile la Tabora kwa mara ya mwisho, na Agnesi akasema: “Hii ina moshi.” Anselmi akakataa, akasema hakuna moshi, ameionja yeye mwenyewe asubuhi. Agnesi akashikilia: “Upo, Baba Celina. Moshi wa moto mdogo, kama mtu alifukuza nyuki kwa majani mabichi.” Anselmi akachukua kijiti, akaipaka kushoto, hakuona kitu, akaipaka kulia, hakuona kitu, akafumba macho akangoja, na pale alipozoea kukuta msitu akakuta giza tupu. Alipofumbua macho hakusema amerudi. Alisema: “Kumbe ulimi ninaoulilia ulikwisha kuondoka zamani, na mimi nimekaa mlangoni nalinda nyumba isiyo na mtu.” Akaomba maji ya kunawa, akavaa kanzu yake safi, akatembea na mkewe hadi Mnazi Mmoja, wakaketi kwenye majani wakiwatazama wapita njia, na huko ndiko alikomwambia kwamba kesho atakwenda hospitali.

Alipasuliwa siku ya Alhamisi, tarehe 24 Julai 1952. Baada ya hapo alianza shule upya, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, kwa kibao cha mawe cha Wilbert na kwa herufi alizozitamka mbele ya kioo, ba, be, bi, bo, bu, moja kwa siku, na jina la Celina lilimchukua miezi minne, siku alipolitamka mtoto aliitika kutoka uani mara tatu, ili alisikie tena. Kigoda cha dukani kilibaki chake kweli, ila aliyeonja alikuwa Agnesi, ameketi kando yake. Abbasi wa watu hakuacha utani wake: “Zamani alikuwa anasafiri peke yake, sasa kampandisha na mkewe!” Agnesi alionja, akamweleza mumewe kwa sauti ndogo alichokiona, yeye akafumba macho akamfuata, na mara nyingi ni yeye aliyelitamka jina la mahali, nalo lilikuwa sawa.

Miaka sita alikaa salama. Mwezi Agosti 1958 uvimbe ulitokea shingoni, na daktari alisema safari hii hakuna cha kukata, ila kuna tiba ya mionzi ng'ambo, ambayo pengine ingeongeza miezi, isingeponya. Bwana Ravindra alikuwa tayari kumwandikia jamaa zake huko wampokee. Anselmi hakuchukua wiki wala siku moja, alimshukuru daktari, akachukua kibao, akaandika neno moja: Tabora.

Walipanda gari moshi, yeye na Agnesi, mwezi Oktoba 1958, wakati miyombo inapotoa majani mapya mekundu. Warina asali waliwapeleka msituni, wakawaonyesha mizinga iliyotundikwa juu ya miti. Anselmi alisimama kwenye majani makavu, macho ameyafumbua kabisa, akazunguka taratibu, akitazama kivuli, akitazama miti, na Agnesi alipomuuliza kama ndivyo palivyokuwa, alijibu kwa ule usemi wake mzito: “Ndivyo. Ila sikujua kama ni pakubwa hivi.”

Tangu Januari mwaka huu hakutoka tena kitandani. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Machi 1959, ndugu mmoja alifika kutoka Kibosho na chupa ya asali. Agnesi aliionja, akampaka mumewe kidogo kwenye mdomo wa chini, akamwambia: “Baba Celina, hii si ya Tabora wala si ya Kondoa. Ina migomba. Ina maua ya kahawa. Ina mzinga mmoja pembeni mwa kihamba.” Anselmi akafumba macho, kama alivyofanya siku zote, akaenda, nasi tukangoja aseme amerudi.

Familia inamshukuru daktari aliyemwambia ukweli mapema na mkono wake ukampa miaka sita na ushee, inamshukuru Ignasi na wauguzi wote, inamshukuru Bwana Ravindra na nyumba yake, Abbasi na wenzake wa Mtaa wa Kongo waliokibeba kigoda chake hadi hapa msibani, pamoja na majirani wa Magomeni ambao tangu juzi hawajaliacha jiko letu lizimike. Wote ambao hatukuwataja, msione kuwa tumewasahau.

Anselmi, umefika nyumbani, hatukungoji tena mlangoni. Pumzika kwa amani.