Evelio na Njia ya Bustani Tatu

Ndugu zangu mliokuja kumsindikiza mdogo wangu Evelio Tabares, asanteni kwa kuja, na wewe mheshimiwa meya uliyekaa benchi la mbele, karibu, nitakufikia.

Evelio alizaliwa tarehe kumi na tisa Machi, mwaka hamsini na tano, hapa hapa Santa Rufina, mtaa wa chini kando ya kijito, kitinda mimba wa mama yetu Belarmina, na mimi Ofelina ndiye niliyembeba mgongoni. Shule alisoma kwa masista, kila asubuhi tunavuka barabara ya malori nimemshika mkono, siku moja akaniuliza, "Dada, haya malori yangepita nyuma ya mji yangekufa?" nikamwambia, "Kaza mwendo, wewe, maswali kawaulize masista."

Akaenda Medellín kusomea kupanga miji, akarudi mwaka themanini na moja, manispaa wakamwajiri, akamuoa Nubia huyu hapa, Mungu akawapa Yaneth na Rodrigo. Kazini alikuwa na neno moja tu, bustani zetu tatu ziunganishwe kwa njia ya miguu kando ya kijito, chini ya miti, ipenye chini ya daraja la malori, itokee hapa uwanja wa kanisa, ili mtu wa mtaa wa chini aje sokoni, aje misa, aende mpaka makaburini kule chini, arudi kwao, asikanyage lami.

Jamani, walimchosha. Kila meya akiingia anang'oa mabenchi ya mwenzake, anapanda mitende yake, anabandika kibao chenye jina lake, Evelio anaanza upya. Mmoja alimwambia, "Tabares, njia haina mahali pa kukatia utepe," naye akamjibu, "Kata popote, mheshimiwa, ni ndefu."

Hata hivyo aliisukuma, ikajengwa yote, kikabaki kipande cha mwisho, kutoka bustani ya tatu mpaka hapa, hakizidi urefu wa kanisa hili, na hapo ndipo wewe mheshimiwa ulipotusimamishia chungwa la zege, kubwa kuliko nyumba yangu, na uzio, na kufuli, katika mji ambao machungwa yenyewe tunanunua kwa jirani. Alipokuja ofisini kwako ukamwambia, "Mzee, watalii watapiga picha." Akakuuliza, "Watalii gani?"

Figo zilianza kumsumbua Februari mwaka jana, akafariki Jumanne tarehe sita Mei, nyumbani, mkono wake mkononi mwa Nubia, na neno alilotuachia ni hili, "Msinipitishe kwenye malori."

Tunamshukuru daktari Echeverri na wauguzi wake, majirani mlioleta supu na kulala sakafuni kwetu, wenzake wa manispaa mliochora naye miaka yote hiyo mkitukanwa pamoja naye, Mungu awaone.

Sasa mheshimiwa, usiangalie saa, mlinzi wako ana ufunguo, mpigie simu. Kwenda makaburini kuna njia mbili, ya malori na ya Evelio, na ya malori tumeikataa. Wabebaji, inukeni. Pumzika, mdogo wangu, umechoka vya kutosha, sisi tutasimama pale kwenye uzio na wewe begani mpaka wafungue.